Njia Fupi ya Septemba

Alhamisi jioni, Cwm Brwyn, bonde la Wales,
mvua ya kunyunyiza, ile isiyojitangaza
mpaka soksi zikushitaki.
Tuko sita, na toroli moja linalolia gurudumu.
Meinir ana sururu begani, Tecwyn ana reki,
mimi nina ndoo mbili na aibu yangu.

Aibu hiyo ina urefu wa hatua arobaini.
Niliichimba mwenyewe, Septemba,
wiki tatu, ushauri ukiingia sikio hili
na kutokea lile:
kutoka vifusi vya machimbo ya zamani
moja kwa moja hadi kijitoni,
bila kona, bila pa kupumulia,
mstari wa mtoto aliyepewa rula.
Vijana walishuka wakipiga yowe.
Kwa majuma mawili nilikuwa mtu.

Njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ilikuwa fupi kuliko zote bondeni.

Kisha Oktoba ikaleta mpandaji
asiye na kofia, asiye na breki.
Maji hayakuniuliza nilikusudia nini.
Yaliona mteremko, yakashukuru,
yakachukua udongo, yakarudia changarawe,
mizizi ya msonobari ikabaki nje
kama nyaya zilizovuliwa ganda.
Novemba, Emrys alijikuta hewani,
na alipotua, mtulinga wake ukakatika.
Aliniandikia kutoka hospitali, maneno matatu:
"Kona moja tu."

"Usitazame mlima," Meinir ananiambia sasa.
"Tazama chai."
Anafungua chupa, anamwaga kikombe kizima,
na sote sita, watu wazima wenye kodi na wajukuu,
tunainama kuangalia chai ya maziwa ikiamua.
Inasita. Inazunguka kisiki.
Inapinda kushoto
pale ambapo mimi sikupinda.
"Hapo," anasema. "Imeshachora."

Basi tunakata upya, tukiuambaa mlima
badala ya kuuporomokea:
rafu ya udongo, pana kama mikono miwili,
imeinama kidogo upande wa bonde
kama sahani inayomwaga mchuzi
bila mwenyeji kuona.
Kila baada ya hatua kadhaa njia inapanda kidogo,
hapo maji yateremke kituoni mwao,
magurudumu yaendelee na safari.
Tecwyn, ambaye baba yake alipasua mawe haya haya
yaezeke nyumba za watu asiowajua,
anayasimamisha wima kwenye tope, bega kwa bega,
analigonga kila moja kwa kisigino.
Likicheza, analing'oa. Anatukana kwa Kiwelshi.
Analirudisha.

Emrys amekuja, mkono umening'inia kitambaani.
Hakuna aliyemwita.
Anapanda juu ya tuta la kona mpya
analikanyaga, huku na huku, nusu saa,
taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.
Haniambii neno. Ananyoosha ndoo.
Naijaza.

Kazi ya mwisho ni yangu, nimekataa msaada:
kufuta.
Naburuta matawi juu ya zile hatua arobaini,
nabandika kuvumwani kwa viganja,
natifua udongo nilioushindilia kwa fahari
ili mbegu zipate pa kushika.
Kuchimba kulikula wiki tatu.
Kusahaulika, anasema Meinir, huenda miaka minane.

Machi. Msichana nisiyemjua,
baiskeli ya kuazima, kofia inampwaya,
anaingia konani akiwa ameng'ata mdomo;
tuta linampokea, linamgeuza, linamwachia.
Hakutazama chini, yalipo mawe ya Tecwyn.
Hakutazama kulia,
penye matawi yaliyoanza kuoza vizuri.
Alinisalimu upesi, kama mtu asalimiavyo mti,
akapotea.

Nyuma yake mvua ikaanza.
Ikaifuata njia ile ile,
ikafika konani, ikasita,
ikatoka.